Tupeane uzoefu: Umewahi kuona nini ambacho kamera ya simu ilishindwa kukibeba?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Jana simu ilijaa, nikaanza kufuta picha za zamani. Nikakutana na moja ya tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa kule Mbarali, siku ya kupatwa kwa jua. Picha yenyewe ni nyeupe tupu, kama nimepiga balbu.

Nilichokiona mimi ni kingine kabisa. Mwezi ulipokaa katikati ya jua ikabaki pete ya moto. Mchana ukapoa, mwanga ukawa na rangi ambayo si ya asubuhi wala ya jioni, na ubaridi nikausikia mikononi. Mzee mmoja akanigusa bega: "Mwanangu, hebu tazama chini." Chini ya mti, kila kitundu cha mwanga kilichopenya majani kilikuwa pete. Pete tele juu ya vumbi, upepo ukitikisa matawi nazo zinacheza. Kama dakika tatu hivi, pete zikakatika, zikawa hilali.

Simu nilishairudisha mfukoni. Leteni na ya kwenu.

Mdau wa Kilwa
Mkuu, hicho cha kwako kilikuwa juu, sisi chetu kipo majini. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Siku za giza, mwezi haupo na bahari imelala, ukipiga kasia maji yanawaka, buluu kama mwali wa spiriti. Ni vijidudu vidogo sana vya baharini, vinatoa mwanga vikiguswa. Usiku wa kwanza aliponichukua, baba alizima karabai makusudi, akaniambia, "Tia mkono." Nikatia. Kila kidole kikavaa mwanga wake, na nilipoutoa, matone yakarudi majini kama cheche. Samaki akipita chini ya ngalawa unauona mstari tu.

Mwaka juzi nikampeleka mwanangu. Akapiga picha, ikatoka nyeusi. Nikamwambia, tia mkono.

Mdau wa Dodoma
Mimi ni harufu ya mvua ya kwanza. Sisi huku tunaweza kukaa miezi zaidi ya sita bila tone, halafu Novemba au Desemba, jioni moja, unaisikia kwa mbali kabla hata bati halijalia. Mama huacha anachofanya, anasimama mlangoni. Hiyo utaipigaje picha?

Mdau wa Marangu
Nimesoma haya yote nimemkumbuka bibi yangu. Miaka yake ya mwisho macho yalishakwenda kabisa. Kila alfajiri nikimtoa nje kwenye kigoda, swali lilikuwa moja: "Kibo kimetoka?"

Basi namsimulia. Theluji leo imeshuka mpaka wapi, wingu limelala upande wa Mawenzi, jua limeshagonga kileleni na sisi huku bado tuko gizani. Nikisema "kimekuwa chekundu" ananikatiza: chekundu cha namna gani, cha moto au cha ua? Ilibidi nitazame tena kabla ya kumjibu.

Siku moja kulifunga kabisa. Nikamwambia, bibi, leo hakuna kitu, turudi ndani. Akainua uso. "Ngoja kidogo. Upepo umegeuka."

Tukangoja, mkono wake ndani ya wangu. Kikatoka.