NIMEITWA CHAWA LAIVU NIKIWA NA ZEGE MDOMONI!!!

Wakuu mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Natoka kwenye kibanda cha chipsi hapa Mabibo sasa hivi. Mnamjua, msijifanye hamumjui, yule wa kofia nyekundu mwenye bayo ndefu kuliko foleni ya Ubungo: mwanaharakati, mzalendo, sauti ya wasio na sauti, halafu chini kabisa "kwa matangazo njoo inbox".

Mimi nimekaa zangu nakula, watu wanaongelea mtaro ulioziba, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka uvunguni, nikasema jamani Jumamosi si kuna mkutano wa mtaa, twendeni tukamuulize mwenyekiti ile michango ya mtaro imeishia wapi. Basi. Jamaa kachomoa simu, kawasha taa, kanimulika usoni, "wanangu mnaona chawa anavyofanana?" CHAWA! Yaani mpambe wa wakubwa! Na zege iko mdomoni, siwezi kujibu, kitunguu kinaning'inia kidevuni kama ndevu za beberu.

Mimi chawa wa nani?? Chawa wenzangu wanapanda V8, mimi nauli ya boda nakopa kwa wifi yangu.

Na aliyeniita chawa ni nani sasa? Juni 2020 kaweka mraba mweusi wa kupinga ubaguzi Marekani, Mei 2024 kaweka ile picha ya akili mnemba ya Rafah, kule Gaza, muulize Rafah iko wapi anakwambia Dubai. Novemba 27, 2024 kura za serikali za mitaa tumepewa na mapumziko kabisa, yeye kaposti "vijana tujitambue" yuko ufukweni Kigamboni na madafu. Hakujiandikisha! Alidhani kadi yake ya zamani ya mpiga kura inatosha, hajui daftari la wakazi la mtaa ni jingine, lilifunguliwa siku kumi tu mwezi wa 10. Na kwenye hiyo hiyo laivu anapiga kelele "tutamng'oa mtendaji kwa kura". Mtendaji!! Mtendaji ni mwajiriwa baba, unamng'oaje kwa kura?

Watu 1,400 wameangalia. Kitunguu kinaonekana. Mama mkwe kashanipigia.

Mzee wa Mtaroni: Ngoja nikaitafute hiyo laivu kwanza ndo nichangie.

Mzee wa Mtaroni: Nimerudi. Mkuu, si kitunguu, ni nyanya 😂😂

Shangazi Tabata: Pole mwanangu. Ila ungemeza kwanza ndo uongee siasa.

Kondakta Mstaafu: Mleta mada tusaidie, diwani wa kata yako anaitwa nani?

Mleta mada: Hayo hayahusiani na mada.

Kondakta Mstaafu: 😂😂😂 nimemaliza

Mleta mada: Mimi nimeitwa CHAWA hadharani wewe unaniletea mtihani wa uraia? Namjua kwa sura!

Binti wa Manzese: Siku hizi ukiuliza swali we mwanaharakati, usipouliza we chawa, ukinyamaza hujitambui. Mimi bayo yangu nimeandika "nauza vitenge" tu na karibuni.

Fundi Jiko: Afadhali nyie mnagombana na mtu wa simu. Kikundi chetu cha vijana tunafuatilia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kila tukienda tunaambiwa katiba ya kikundi haina muhuri. Tukigonga muhuri, wanasema rangi siyo.

Binti wa Manzese: Sisi tuliambiwa picha za pasipoti ziwe na masikio yote mawili.

Fundi Jiko: Eeh na masikio!! Tulipiga picha mara tatu

Shangazi Tabata: Mwenzetu mmoja sikio lina kilemba, akarudishwa.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, huyu mtu kanimulika taa USONI

Mzee wa Mtaroni: Tumekusikia mkuu. Hiyo zege ya hapo mayai mangapi?

Mleta mada: Mawili. Buku tatu.

Kondakta Mstaafu: Buku tatu mayai mawili?? Tandale buku mbili na nusu na mshikaki juu

Fundi Jiko: Tandale sehemu gani hapo mkuu, elekeza vizuri