Picha za nyuma ya kamera za Star Wars, naomba ukweli wake kabla sijazionyesha kibandani

vijee_wa_mpaka (Bwera)

Wapendwa habari za huko. Mimi ni vijee, natafsiri muvi kwa maiki kwenye kibanda cha video huku Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, wa Uganda na Kongo, na sipigi Kiganda kama vijee wa Kampala, napiga Kiswahili, maana huku siku ya soko unapata Wakonzo, unapata watu wa Kasindi wamevuka, unapata madereva wa malori, na lugha ya kuwakusanya wote ni hiyo. Sasa likizo hii nataka kuweka Star Wars zile tatu za zamani, ya 1977, ya 1980 na ya 1983, na kuna picha za nyuma ya kamera zimezunguka WhatsApp nimezihifadhi nyingi tu. Mpango wangu ni kuzionyesha kwa projekta kabla muvi haijaanza, kila picha na maelezo yake, vijana wa huku wanapenda sana kujua kitu kimetengenezwaje.

Shida ni kwamba maelezo yaliyokuja na picha kila mtu ameandika yake. Moja inasema jangwa ni la Marekani, nyingine Moroko. Nyingine inasema meli zote ni kompyuta, lakini kwenye picha naona mtu amekaa kando ya meli ambayo angeweza kuibeba kwapani! Na yule wa vazi jeusi, Darth Vader, kuna picha amevua kofia, wengine wanasema sauti si yake. Naomba anayejua kwa uhakika aniambie, sitaki kusimama mbele ya watu niwadanganye.

fundi_wa_katwe

Ssebo umeuliza vizuri. Jangwa ni Tunisia, Afrika hii hii, waambie watu wako bila wasiwasi. Walianza kupiga huko Machi 1976 na mwanzoni tu mwa kazi mvua kubwa ikawakuta jangwani ikaharibu seti. Ile nyumba ya shimoni anakokaa Luke, yule kijana shujaa wa muvi, na mjomba wake ni hoteli ya kweli, inaitwa Sidi Driss, iko Matmata, ni nyumba za Waberberi zilizochimbwa ardhini. Hata jina la sayari yenyewe, Tatooine, limetoka kwa mji wa huko unaoitwa Tataouine. Mambo mengi ya ndani yakapigwa Uingereza studio za Elstree, na vipande vichache vya jangwa vikaongezwa baadaye Death Valley, kwa hiyo aliyesema Marekani ana kasehemu kake, ila Moroko ondoa.

Sasa meli, hapo ndipo naomba unipe nafasi. Kwenye ile ya 1977 kompyuta haikuchora hizo meli, ni modeli za kuundwa kwa mikono. George Lucas alikuta kampuni iliyompa pesa haina tena idara ya kazi hizo, basi 1975 akaanzisha karakana yake, ndiyo hiyo ILM, ndani ya godauni huko Van Nuys, California, chini ya John Dykstra, na wengi wao walikuwa vijana tu. Wakanunua maboksi ya vile vifaru na ndege za plastiki za kuunganisha nyumbani, wakatoa vipande, gurudumu la kifaru hapa, injini ya ndege pale, wakavigundisha juu ya modeli mpaka meli ikawa inaonekana kama mashine iliyofanya kazi miaka mingi, imechoka, ina mafuta na kutu. Ukiangalia picha zako kwa makini vuta karibu utaviona hivyo vipande.

Na meli haikuruka! Meli imesimama kwenye chuma chake mbele ya kitambaa cha buluu, kamera ndiyo inayotembea kwenye reli. Kompyuta ilikuwepo, kazi yake ilikuwa kuikumbusha kamera ile safari yake ili irudie vilevile bila kukosea hata kidogo, wapige meli ya kwanza, warudie na ya pili, na ya tatu, halafu wazipange zote kwenye picha moja. Hiyo kamera wakaiita Dykstraflex.

Mimi nachomelea chuma hapa Katwe na hizi ndizo habari zinazonifurahisha kuliko mapigano yenyewe. Ule upanga wa mwanga wa Luke, kishikio chake ni mpini wa flashi ya kamera ya zamani ya Graflex, Roger Christian aliukuta kwenye duka la vifaa vya picha akauongezea vitu. Ile meli kubwa ya Millennium Falcon ya 1977 walijenga nusu yake tu, upande usioonekana haukuwepo, nzima ikajengwa 1979 huko Wales, Pembroke Dock, kwa ajili ya muvi ya pili. Waeleze vijana kwamba hii ni kazi ileile mtengeneza muvi Isaac Nabwana na wenzake wanafanya hapa Wakaliga, Dauda Bisaso anaokota vyuma chakavu anakutolea bunduki na mashine za muvi. Tofauti ni pesa tu, akili ni ileile.

redio_arua

Mimi niko kwenye mambo ya sauti kwa hiyo nitakujibu upande huo. Ndani ya lile vazi jeusi alikuwa David Prowse, Mwingereza wa Bristol, mnyanyua vyuma, mtu mrefu sana. Sauti ni ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi, aliingiza baadaye studio, na kwenye muvi mbili za kwanza jina lake halikuandikwa mwishoni, mwenyewe ndiye hakutaka. Halafu mapigano ya upanga ya 1980 na 1983 mengi kavaa mtu wa tatu, Bob Anderson, mwalimu wa upanga. Na kofia inapovuliwa mwishoni uso ni wa Sebastian Shaw. Kwa hiyo Vader mmoja ni watu wanne. Ile pumzi ni kifaa cha wapiga mbizi cha kuvutia hewa, Ben Burtt, fundi wa sauti za muvi hizo, alikirekodi.

Huyo Burtt ndiye nakuomba umtengee muda wa kutosha. Mlio wa zile ndege za adui zinazopita kwa kasi, TIE fighter, ni mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye lami yenye maji. TEMBO kaka! Wewe uko Kasese, watu wako wanaishi na tembo wa mbuga ya Queen Elizabeth wanaoingia mashambani, cheza ile sehemu mara ya kwanza bila kusema kitu, uwaulize wamesikia mnyama gani, mimi naamini kuna mzee atakujibu. Risasi za bunduki ni waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio, alikuwa anaugonga. Ule mvumo wa upanga ni mota ya projekta pamoja na kelele ya televisheni ya zamani. Chewbacca ni dubu kwa sehemu kubwa, akachanganya na simba na wengine. Nikikaa studio usiku bado nasikiliza hizo sauti najaribu kuzifumua moja moja.

dada_wa_busia

Banange mbona hamjamwambia la Nien Nunb?? Hilo ndilo kubwa kwa watu wa huku. Kwenye ile ya 1983, rubani Lando anapoendesha Falcon kwenye vita ya mwisho, kando yake amekaa kiumbe mwenye mashavu yanayoning'inia na macho meusi, anaongea lugha yake. Aliyempa sauti ni Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, na maneno mengine pale ni Kikikuyu, Kikikuyu cha kweli kabisa, mtu wa Nyeri anaelewa. Hapa Busia nilionyesha jirani yangu Mkikuyu anayeuza nguo, alisimama. Tena 2015 walipomrudisha huyo kiumbe walimrudisha na Rotich mwenyewe.

Kwa hiyo kaka yangu nakuomba sana, hapo usitafsiri, nyamaza. Nyinyi vijee mkishika maiki hamuachi hata sekunde na hilo ni sawa sehemu nyingine zote lakini si hapo.

Na uwaambie yule Saw Gerrera wa muvi ya 2016 ni Forest Whitaker, huyohuyo aliyecheza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, muvi waliyoipiga hapahapa Uganda, akajifunza Kiswahili kwa ajili ya ile kazi na akachukua Oscar 2007. Lupita Nyong'o naye yumo kwenye ile ya 2015, ni Maz Kanata, humuoni uso kwa sababu wamemgeuza kwa kompyuta.

vijee_wa_mpaka

Asanteni sana, dada hapo nitanyamaza nakuahidi. Swali lingine, kuna picha ya yule mzee mdogo wa kijani, mtu yuko chini ya sakafu ameinua mkono. Na ile sehemu ya Vader kusema yeye ni baba, ni kweli waigizaji wenyewe hawakujua?

redio_arua

Ni kweli. Siku ya kupiga, Prowse alipewa maneno mengine, aseme Obi-Wan, yule mzee aliyemfundisha Luke, ndiye aliyemuua baba yake Luke. Mark Hamill, aliyecheza Luke, aliambiwa ukweli muda mfupi kabla ya kamera kuwaka ili uso wake ujibu lile la kweli, na maneno halisi Jones akayaingiza studio. Wengi waliofanya kazi hapo walikuja kuyasikia kwenye muvi ilipotoka. Huyo wa kijani ni Yoda, aliye chini ni Frank Oz, seti yote iliinuliwa juu ili wachezesha mdoli wakae chini yake. Uso aliuunda Stuart Freeborn akichukua uso wake mwenyewe na kuchanganya na Einstein.

mwanafunzi_mbarara

Ongeza ile ya askari wa vazi jeupe anayegonga kichwa mlangoni kwenye ya 1977! Ilibaki tu hivyo kwenye muvi, halafu 2004 walipotoa DVD wakaiwekea na mlio. Watu watacheka sana.

Na mimi nina picha ya uwanja wa mashindano wa muvi ya 1999, kila mtu anasema watazamaji ni vijiti vya masikio, ni kweli?

fundi_wa_katwe

Kweli tupu. Vijiti vya pamba vimepakwa rangi, vimechomekwa kwenye modeli ya uwanja, chini kuna feni inavitikisa ndiyo unaona umati unachezacheza. Kumbuka hiyo ni 1999, kompyuta zilikuwa zimeshaingia kwa nguvu, bado wakaona pamba inatosha.

Vijee, neno la mwisho kuhusu hizo picha. Zina wenyewe, Lucasfilm iko chini ya Disney tangu 2012, na sisi pia tuna sheria ya hakimiliki ya 2006. Muvi yenyewe nayo iulizie kibali kabla hujatangaza tarehe. Usichapishe picha ukauza, na usiziwekee nembo ya kibanda chako kama wanavyofanya wengine. Kama kuna jina la mpiga picha pembeni usilikate. Na ukipata siku nyingine projekta iko huru niambie, nina modeli ya meli niliyoanza kuichomelea kwa vipande vya pikipiki, naweza kuipakia kwenye basi la Kasese waishike kwa mikono.