Naombeni ushauri: nimkatie mama tiketi ya kuunganisha, au nisubiri hiyo ndege ya moja kwa moja Dar–London?

BintiChumbageni

Habari za humu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naishi Reading, Uingereza. Natarajia kujifungua mapema mwakani na mama anakuja kunilea kwenye arobaini. Viza ameshapata, kilichobaki ni tiketi. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na ndege pekee aliyowahi kupanda ni ya Dar kwenda Mwanza. Kiingereza chake ni cha salamu tu.

Sasa kaka yangu aliyeko Dar kanizuia nisikate. Ana rafiki yake uwanjani aliyemwambia Air Tanzania wanaanza London "muda si mrefu" kwa Dreamliner (zile Boeing kubwa za safari ndefu), na kundi la familia la WhatsApp limejaa ramani zenye mstari mwekundu kutoka Dar mpaka London. Habari imemfikia mama, na sasa hataki kusikia neno kubadilisha ndege. Nikimpigia ananiambia, "Si umsubiri kaka yako aulizie?" Huku nauli zinapanda kila nikifungua simu.

Hiyo ndege ipo kweli? Na kama haipo, mzee wangu apite wapi asije akapotea njiani? Nairobi, Addis, Doha, Kigali au Entebbe?

RubaniWaSofa

Dada, hongera kwanza. Kata tiketi.

Mimi hizi ruti ndiyo starehe yangu, wengine wana mpira. Kwa hiyo nakueleza sababu, ili uwe na cha kumjibu kaka.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku, kwa hoja za usalama. Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa na mamlaka yetu ya usafiri wa anga, hata yale ya ndege ndogo za watalii ambayo hayajawahi kuota kwenda Ulaya. Najua mtu atakuja hapa kusema Uingereza imeshatoka Umoja wa Ulaya. Ni kweli, na kwa hiyo ina kibali chake yenyewe ambacho shirika lolote la nje lazima lipewe na mamlaka ya anga ya Uingereza kabla ya kubeba abiria kibiashara. Kuwa nje ya Umoja hakumaanishi mlango uko wazi.

Halafu angalia ramani ya kaka yako vizuri. Ule mstari mwekundu unapita juu ya nchi gani? Ugiriki, Italia, Ufaransa. Shirika likiwa na marufuku kamili, ndege zake haziruhusiwi kwenye anga ya nchi hizo. Nani atazunguka Ulaya nzima kwa mafuta ya bei hii ili atue London?

Mzalendo_Halisi

Kila likija jambo la nchi yetu mnakimbilia kuponda. Ndege tunazo, Terminal 3 ya uwanja wa Dar tunayo tangu 2019, Watanzania London wamejaa. Mumbai mlisema haitawezekana, Julai 2019 ikaanza. Guangzhou mlicheka, leo wafanyabiashara wa Kariakoo wanapanda Dar wanashukia China. Na hizo marufuku zina njia: unakodi ndege pamoja na marubani na wahudumu wake kutoka shirika lisilo na marufuku, unaruka vizuri tu. Dada msubirishe mama, raha ya safari ndefu ni kuingia ndani unasalimiwa kwa Kiswahili.

RubaniWaSofa

Mzalendo, hiyo ya kukodi ni kweli, sheria yao inaruhusu. Lakini ukikodi ndege na watu wake unalipa kwa kila saa inayoruka, na ruti mpya huwa inakula hasara hata ukiwa na ndege yako mwenyewe. Na huyo rubani wa kukodi wala hatamsalimia mama kwa Kiswahili.

Tupige hesabu ya ndege zetu. Dreamliner tunazo tatu: ya 2018, ya 2019 na ya 2024. Dar mpaka London ni kama kilomita 7,500, saa kumi hewani. Ikifika inasafishwa, inajazwa mafuta, inapakia, inarudi saa kumi nyingine. Siku nzima imekwisha na ndege moja imefanya safari moja. Ukitaka kila siku, umeifunga ndege nzima kwenye ruti hiyo, na bado unahitaji ya akiba, maana London huwezi kumwambia abiria arudi kesho kama kituo cha basi. Mumbai na Guangzhou zinategemea ndege hizo hizo. Ongeza kwamba injini za Trent 1000 zinazofungwa kwenye Dreamliner za aina yetu zimesumbua mashirika mengi duniani, ndege zinakaa chini zikingoja zamu ya karakana.

Guangzhou yenyewe ilitakiwa ianze 2020. Corona ikaingia, ikasogea. Sisemi hivyo kuwabeza. Nasema mtoto hasubiri ratiba.

MzeeWaKipawa

Marahaba binti.

Mimi nimezeeka nikisikiliza ndege zikipita juu ya bati langu. Vijana mnaongea kana kwamba Dar–London ni jambo la ajabu. East African Airways walikuwa na ndege zao za VC10 zikienda London tangu miaka ya sitini, shirika la nchi zetu tatu, mpaka lilipovunjika 1977. British Airways nao walikuwa wanatua hapa mpaka 2013 wakaondoka wenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Hapo ndipo watu wa kundi lenu la familia wajiulize. Kama shirika kubwa lenye makao yake London liliona ruti hii hailipi, anayetaka kuianza upya aje na hesabu zake. Watanzania London wapo, lakini wengi tunasafiri Desemba na Julai. Ndege inataka watu Februari pia, na inataka wale wa viti vya mbele wanaolipiwa na ofisi.

Mkatie mama yako tiketi.

Kadogoo_wa_Ilala

Na Heathrow, uwanja mkubwa wa London, kuna foleni ya kupata nafasi ya kutua. Uwanja umewekewa kikomo cha safari 480,000 kwa mwaka, umejaa. Mwaka 2016 Oman Air waliripotiwa kulipa dola milioni 75 kwa nafasi za kutua na kuruka tu. Hiyo hela ni nafasi, ndege hujanunua!

RubaniWaSofa

Ndiyo maana Uganda Airlines walipoanza London Mei 2025 walikwenda Gatwick, uwanja mwingine wa London. Hata Kenya Airways wenye Heathrow yao ya siku nyingi waliongeza Gatwick Julai mwaka huo huo.

Dada, ukitaka kujua ruti ni ya kweli, achana na rafiki wa uwanjani. Ingia tovuti ya shirika ujaribu kununua tiketi. Kama tarehe ipo, namba ya safari ipo na wanapokea hela yako, hiyo ruti ipo. Wakiishia kwenye "tuko mbioni", ni nia tu, na nia ni nzuri lakini haibebi mtu. Hata ramani za Waziri zikibandikwa ukutani, mpaka tiketi iuzwe mimi sihesabu.

KijanaWaMtwapa

Dadangu pole na hongera. Mimi ni wa pwani ya Kenya, nimefanya kazi JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa miaka kadhaa, kwa hivyo mnisamehe nikipigia debe nyumbani.

Kwa mama asiyejua Kiingereza, Nairobi ndiyo rahisi kuliko zote. Kutoka Dar ni saa moja na kidogo tu hewani, hajachoka bado. Akishuka, kila mtu atakayemkuta anaongea Kiswahili: askari, mfagiaji, mwenye duka la chai, anayesukuma kiti cha magurudumu. Hata akipotea, atauliza na atajibiwa. Doha uwanja ni mkubwa na mzuri, lakini shosho wa miaka sabini atamuuliza nani? Kisha kutoka Nairobi ni ndege moja hadi London, kama saa tisa hivi.

Mambo mawili. Tiketi iwe moja, Dar hadi London, namba moja ya booking. Usinunue ya Dar–Nairobi kivyake na ya Nairobi–London kivyake kwa sababu umeona bei nafuu. Nimeona watu wakilia kaunta: ndege ya kwanza imechelewa, ya pili imeondoka, na kila shirika linasema hilo halinihusu. Tiketi ikiwa moja, mzigo unaandikwa moja kwa moja hadi London na ukikosa ndege ni jukumu lao kukutafutia nyingine.

La pili, usichukue muda mfupi wa kuunganisha. Mfumo utakuuzia hata saa moja na dakika chache. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu tafuta saa tatu, nne. Ila wakati wa kurudi asikae Nairobi kwa zaidi ya saa kumi na mbili, Tanzania watataka cheti cha homa ya manjano. Bora achanjwe tu, yaishe.

Mzalendo_Halisi

Mkenya kaingia kuuza ndege yake 😂 Nairobi iko juu mita 1,600 na ushee, ndege ya kwenda New York inabidi ipunguze mzigo ndiyo iweze kupaa. Dar tuko usawa wa bahari. Kama ni safari ndefu, uwanja wa kufaa ni wetu.

KijanaWaMtwapa

Hiyo ni kweli kabisa bro, hewa ya juu ni nyepesi, ndege hupaa na uzito mdogo. Lakini New York tunaenda tangu Oktoba 2018 na mwinuko huo huo. Usawa wa bahari mnao tangu dunia iumbwe.

RubaniWaSofa

😂😂 Mzalendo hapo kaa chini.

Mama_Wawili_Leicester

Mdogo wangu, hawa wanaume wataongea injini mpaka kesho. Nisikilize mimi niliyemleta mama mkwe.

Ukishakata, piga simu shirika la ndege uombe huduma ya kiti cha magurudumu. Ni bure. Omba mapema, isipungue saa 48 kabla ya safari, na uthibitishe kwamba imeandikwa kwa ndege zote mbili na kwenda na kurudi. Watakuuliza: anaweza kupanda ngazi? Anaweza kutembea ndani ya ndege mpaka kitini? Usimwonee mama aibu ukasema anaweza kila kitu. Kama magoti hayapandi ngazi, sema hapandi, maana wanampangia gari la kumwinua kwa jibu hilo. Faida kubwa si kupumzisha miguu. Ni kwamba kuna mtu anamchukua mlango wa ndege hii na kumkabidhi mlango wa ndege ile, na Heathrow mwingine anampokea na kumpitisha uhamiaji mpaka unamwona.

Muandikie karatasi kwa Kiingereza: jina lake, jina lako, anwani, simu yako, amekuja kumtembelea binti yake, atakaa muda gani, anatumia dawa gani. Iwe pamoja na pasipoti, kwenye kipochi cha shingoni, isikae kwenye begi. Dawa zote abebe mkononi zikiwa kwenye pakiti zake.

Kuna na njia ya Amsterdam: KLM, shirika la Uholanzi, nao wanatua Dar, na wana jambo moja zuri. Shirika la Ulaya au la Uingereza likichelewa kufika Uingereza, sheria ya fidia inakulinda hata ukianzia Dar. Mashirika mengine yote mliyotaja, sheria hiyo inakulinda ukiondoka Uingereza tu. Lakini ukimaliza saa zote hizo unabadilisha ndege Ulaya, kwa Kiingereza au Kidachi, umechoka. Mimi mama mkwe nilimpitisha Nairobi.

Mtu_wa_Kigali

RwandAir pia wanaenda Heathrow. Kigali uwanja ni mdogo, kupotea ni vigumu. Linganisha bei tu dada, siku zao za safari si lazima zilingane na zako.

BintiChumbageni

Asanteni sana, nimesoma zote na mume wangu. Nimempigia kaka, nikamwambia anitumie kiungo cha kununulia hiyo tiketi ya London ya moja kwa moja. Kanyamaza tangu jana.

Nimeamua Nairobi, tiketi moja, na nimechagua inayotua Heathrow kwa sababu kuna basi la moja kwa moja mpaka Reading, ingawa hata Gatwick kuna treni. Mama nimemwambia njiani atashukia Nairobi, wanaongea Kiswahili. Akauliza, "Kiswahili au kile cha kwao?" Nikamwambia wanaelewana tu.

Swali la mwisho. Anataka kuja na samli, nyama ya kukausha, dagaa wa Kigoma na pilipili manga ya uji wa uzazi. Vinapita?

Mama_Wawili_Leicester

Samli na nyama HAPANA, mazao ya nyama na maziwa kutoka huko kwetu hawaruhusu kabisa, watavitupa mbele yake na atalia. Dagaa wakavu sawa, samaki wanaruhusu mpaka kilo ishirini. Pilipili manga alete ya kutosha, na afunge vizuri mara mbili, nguo zote zitanuka dagaa. Samli utanunua hapo hapo Reading kwenye maduka ya Wahindi.

KijanaWaMtwapa

Na usimwekee dagaa kwenye begi la mkononi tafadhali. Mhurumie jirani yake kwa hizo saa tisa.