Tupeane uzoefu: matumbo ya ng'ombe kwenye babula (jiko la mkaa), wewe unayalainishaje?

Binti wa Majengo
Wenzangu wa Goma, salamu. Jumapili nilipika matumbo kilo 2. Niliyaweka motoni saa nne asubuhi, makala (mkaa) yakaisha ndoo nzima, na saa nane wageni bado wanatafuna kama waliopewa kandambili. Shemeji alitoa kipande mdomoni, akakiangalia, akakirudisha. Hakusema neno, na hapo ndipo paliponiuma.

Sitaki maelezo ya wenye gesi na sufuria ya presha. Nataka ya kwetu: babula, makala, maji ya bidoni (dumu). Nilikaanga vitunguu, nikatia tomati, nikatia matumbo, nikaongeza maji. Nilikosea wapi?

Fundi wa Himbi
Dada, tomati ulizitanguliza mno. Kwanza yaive kwa maji, chumvi kidogo na kitunguu. Tomati ziingie yakishalainika, si kabla.

Halafu usijilinganishe na watu wa bondeni. Niliposoma Kinshasa nilikuwa napika matumbo masaa mawili, yameiva. Nikarudi nyumbani na kiburi changu, nikaalika marafiki, nikayaepua masaa mawili kamili. Aibu! Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100. Hapa hesabu masaa matatu na zaidi.

Mama wa Ndosho
Mnakimbilia moto, kuosha hamkusemi. Mimi niliolewa sijui kuosha matumbo. Siku ya kwanza mama mkwe hakuonja chakula. Alinishika mkono, akanusa vidole vyangu, akaniambia: "Mwanangu, rudi kwenye beseni." Nikarudi, na wageni wamekaa.

Alinifundisha hivi. Ile sehemu yenye manyoya kama taulo, unaichovya kwenye maji ya moto ambayo kidole hakiwezi kukaa, lakini yasiwe yanatokota. Ukichovya kwenye yanayotokota, ile ngozi nyeusi inagandamana na huitoi tena. Ukipatia, unakwangua kwa mgongo wa kisu na inatoka yenyewe, chini panabaki peupe. Ile yenye kurasa kurasa, ambayo nyumbani tunaiita kitabu, usiikunjekunje majini ukadhani umeosha. Fungua ukurasa mmoja mmoja, majani aliyokula ng'ombe yamejificha humo. Kisha sugua kwa chumvi na limau, suuza. Maji ya tatu yakiwa bado na rangi, ongeza ya nne, hata kama bidoni umeilipia. Na maji ya kwanza ya kuchemshia, yakitokota dakika kumi, mwaga. Harufu nyingi inaondoka nayo.

Sabuni ya unga, hapana. Jirani yangu aliitumia, mchuzi ukatoa povu mezani.

Mwanafunzi wa Keshero
Langu fupi. Mvua ilinyesha, nikaingiza babula chumbani, nikafunga mlango, matumbo yanachemka polepole. Niliamka nje kwenye matope, jirani ananimwagia maji usoni. Moshi wa makala hauonekani, lakini unaua. Pikeni nje, au kibarazani.

Mkaaji wa Mabanga
Mimi volkano ndiyo iliyonifundisha. Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mama watoto alikuwa safarini, nikasema leo nitawapikia watoto matumbo. Saa moja ya jioni yanatokota, mbingu upande wa Nyiragongo ikawa nyekundu. Kelele barabarani, watu wamebeba magodoro. Mimi nikafanya nini? Nikafunika makala kwa majivu, nikaweka mfuniko na jiwe juu yake. Watoto wananicheka mpaka leo: mlima unawaka, baba anafunika sufuria.

Tulitembea na umati mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, tukakesha kando ya njia. Asubuhi tukasikia lava imesimama kabla ya kufika uwanja wa ndege, tukarudi. Nyumba ipo, sufuria ipo, chini ya majivu makaa bado yana uhai na mchuzi una moto wake. Nikachochea, nikachemsha tena sana, nikatia tomati, sereri na pilipili. Ndugu zangu, yalikuwa laini hata kibogoyo angekula. Tulikula na bugali huku ardhi inatikisa sahani, maana mitetemeko haikuisha siku zile.

Tangu hapo ndivyo ninavyopika: yakishatokota nafunika moto kwa majivu, nayaacha yajipike. Na makala hayaishi upesi. Alhamisi yake, tulipoamriwa kuhama, sikuacha kitu motoni.

Mzaliwa wa Bukavu
Mnasahau ndizi! Mama yangu anatia ndizi mbichi nusu saa kabla ya kuepua, na mawese kijiko kimoja.

Mama wa Ndosho
Ndizi sawa. Mawese ni ya sombe (majani ya muhogo), mtoto wangu.

Mzaliwa wa Bukavu
Mama, kuonja si kuapa. Jaribu siku moja. Na ile bikaboneti ya dukani, je? Inasaidia?

Fundi wa Himbi
Inalainisha kweli, ncha ya kijiko tu. Nilizidisha mara moja, matumbo yakawa uji na mchuzi ukawa na ladha ya sabuni.

Binti wa Majengo
Narudi na habari. Jana nilianza saa tano, bidoni mbili zote kwenye kuosha, mgongo unaniuma hadi sasa. Maji ya kwanza nikamwaga, moto nikafunika kwa majivu, tomati zikaingia mwisho. Masaa matatu na nusu. Ndizi nilitia, mawese nimeogopa.

Shemeji alikula kimya tena, nikatetemeka. Kisha akasogeza sahani: "Kuna mchuzi umebaki?" Kipande kimoja tu cha kitabu kilikuwa bado na jani ndani. Nilikiona kabla yake, nikakila mimi.