Leseni za wenye nyumba London: halmashauri imekula ada, sisi tunakula ukungu

Wakuu, salaam. Huwa nasoma tu humu, ila leo nina hasira mpaka mikono inatetemeka, kwa hiyo mnivumilie maneno yakigongana.

Nakaa mashariki ya London, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyogeuzwa kuwa ya vyumba sita. Sebule imekatwa katikati kwa jipsamu, stoo ina mtu, chumba cha juu kina kitanda cha deka. Tuko 8. Jiko moja, choo kimoja. Mimi nalipa pauni 650 kwa mwezi, na juzi nimekipima chumba changu kwa utepe: mita 2.6 kwa 2.1. Zidisha mwenyewe, mita 5 na nusu za mraba hazifiki. Kwa sheria ya hapa England, chumba cha mtu mzima mmoja kwenye nyumba ya kuchangia kama hii hakitakiwi kupungua mita 6.51.

Novemba nilisogeza kabati nikakuta ukuta mweusi, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Suti niliyoshonewa Kariakoo kwa ajili ya harusi ya dada yangu ilikuwa imeota manyoya ya kijani begani. Nikalikung'uta koti dirishani, nikakohoa wiki nzima.

Sasa sikieni kinachonichoma: nyumba hii INA LESENI.

Kwa wasiojua, sheria ya nyumba ya 2004 inazipa halmashauri za hapa mamlaka ya kumtaka mwenye nyumba binafsi akate leseni ndipo apangishe. Nyumba ya watu watano na kuendelea wasio familia moja, wanaochangia jiko au choo, leseni ni lazima England nzima. Nyumba nyingine za kawaida ni mpaka halmashauri itangaze eneo. Newham ndio walitangulia kuitangaza wilaya yao yote, Januari 2013, na wakaburuza watu mahakamani kweli. Halmashauri yangu (siitaji, mambo bado mabichi) nayo ikaiga. Iliiga upande wa kukusanya ada.

Baba mwenye nyumba ni mzee wa huko huko kwetu Afrika Mashariki, Kiswahili kimenyooka, namwamkia shikamoo kila akija kufuata kodi. Septemba akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Wanangu, halmashauri wameniletea mambo ya leseni, itabidi tusaidiane." Kila mtu akaongezewa pauni 40. Ada yenyewe ni pauni 900 kwa miaka 5. Watu 8 mara 40 ni 320 kwa mwezi. Miezi mitatu ameshairudisha ada yote na chenji juu, miezi 57 iliyobaki anakula bure. Na hiyo nyongeza haikununua hata balbu ya ngazini.

Nikasema ngoja niangalie. Daftari la leseni liko wazi kwa umma, hata wewe uliye Mbagala unaweza kuliomba. Nyumba yetu nikaikuta imeandikwa: familia moja, watu wasiozidi 5. Nilicheka mwenyewe. Familia moja! Mimi Mtanzania, kuna Mghana, kaka wawili wa Bangladesh, stoo analala Mromania. Labda mama yetu ni huyo mzee.

Ni kwamba kajaza fomu, kalipa, kaambatisha cheti cha gesi, wakampa karatasi. Nipo hapa mwaka wa pili na sijaona afisa hata mmoja akivuka kizingiti. Nyumbani tulizoea kuwatukana madalali kwa kula kodi ya mwezi mzima na wenye nyumba kwa kudai miezi sita mkupuo, lakini mjumbe wa nyumba kumi angejua hapa wanalala wangapi kabla hujashusha godoro kwenye kirikuu.

Nikalalamika halmashauri. Siku 19 ndipo wakajibu, na jibu lilikuwa kwamba nyumba yetu ina leseni halali. Nikarudi na picha na vipimo. Safari hii wakasema watakuja kukagua, ila wakampigia simu mzee kwanza! Usiku huohuo akanipigia: "Mwanangu, unatupeleka kwa wazungu kwa nini? Mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani." Wiki iliyofuata nikapewa notisi ya miezi miwili, ile ya bila sababu. Sheria ilipanga notisi za namna hiyo zifutwe kuanzia Mei 1, 2026, basi kawahi.

Mshauri mmoja wa bure ndiye aliyenifungua macho. Kama nyumba ilipaswa kuwa na leseni ya watu wa kuchangia na haina, hiyo notisi haina nguvu. Na mpangaji anaweza kwenda baraza la masuala ya nyumba kudai arudishiwe kodi, hadi ya miezi 12, na sheria mpya ya 2025 inapandisha hadi 24. Afisa wa halmashauri niliongea naye dakika 40 kwenye simu, hilo hakuligusa kabisa.

Wenye nyumba hapa hulia kwamba leseni ni ushuru uliovalishwa koti. Sikutegemea siku moja nitakubaliana nao.

Naombeni msaada: kuna aliyewahi kudai kodi yake huko barazani? Ushahidi nina wa miamala ya benki na picha, ila wenzangu wanne wanaogopa kutoa maelezo kwa sababu ya viza, na wanaolipa kwa keshi hawana risiti. Aje PM. Na nyie mtakaosema "si urudi nyumbani", nauli mnachanga?

HARIRI, saa 3 usiku: mzee kaja sasa hivi na ndoo ya rangi nyeupe. Anapaka juu kwa juu, hata kukwangua hajakwangua. Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Deka limeshafunguliwa, liko kwenye gari lake.