Kioo cha mbele cha Range Rover Sport, bei zinapishana mno. Niko Kigoma, naomba mwongozo

Dereva wa Mwanga

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni dereva, namwendesha mzee mmoja hapa Kigoma, huu ni mwaka wa tisa. Gari lake ni Range Rover Sport ya 2016, liliingia nchini likiwa limetumika Uingereza. Juzi Jumatano tunarudi kutoka Kasulu, Fuso la mahindi likatupita kwenye kipande chenye kokoto nyingi, nikasikia "ta!" mbele yetu. Jiwe lilipiga upande wa abiria, usawa wa macho ya mzee. Likaacha kinyota kidogo kama punje ya mchele. Mzee akasema twende tu, hamna kitu hapo.

Kesho yake saa nane mchana nikaliosha. Lilikuwa limeshinda juani, na mimi nikalimwagia maji ya bomba, ya baridi. Ufa niliuona kwa macho yangu ukitembea. Ulitoka kwenye ile nyota, ukapanda taratibu, ukapinda, ukaenda kuishia ukingoni juu. Nilibaki nimeshika ndoo.

Sasa bei. Fundi wa hapa Mwanga kanipa 750,000, kioo na kazi. Duka moja la spea Kariakoo, kwa simu, kasema 1,900,000 kioo peke yake. Mwingine wa Dar aliniuliza maswali mpaka nikachoka, mwishoni akasema 4,700,000, na kwamba bado kuna hela ya kuseti kamera. Gari ni lile lile, kioo ni kile kile!

Kulipa siyo shida yangu, mzee atalipa. Nikimpelekea bei ya chini halafu kitu kikaharibika, lawama ni yangu. Nikimpelekea ya juu, ataona dereva wake kaweka cha juu. Miaka yote hii hajawahi kunihesabia chenji, na sitaki aanze leo. Nataka nikikaa mbele yake niwe na maelezo. Ni nini hasa kinachofanya bei ziachane hivi?

Mla Mgebuka

Pole sana mkuu. 750 ni bei nzuri, mpe huyo fundi kazi. Prado yangu niliweka kioo kwa laki nne na nusu kazi imeisha, mwaka wa tatu huu na tone la maji halijaingia. Hao wa Dar wakisikia tu Range Rover bei inapanda.

Fundi Vioo Tabora

Kaka Dereva, pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela. Mimi nafanya vioo hapa Tabora, Kanyenye, tangu 2009. Ndugu wa Prado hajasema uongo, ila inategemea ni Prado ya mwaka gani na ina nini kwenye kioo.

Huyo aliyekuchosha kwa maswali ndiye anayejua anachouza. Range Sport mbili za mwaka mmoja, rangi moja, zinaweza kuwa na vioo vya mbele tofauti kabisa, na ukitazama juu juu huoni tofauti. Kesho asubuhi, jua likiwa bado chini, kaa kiti cha dereva uinamishe kichwa pembeni ukitazama kioo. Ukiona vinyaya vyembamba kuliko nywele vimejaa kioo kizima, hicho ni kioo cha kuyeyusha barafu. Magari mengi yaliyotoka Uingereza yanacho. Kisha shuka, simama mbele, tazama nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, pale penye rangi nyeusi. Kama kuna jicho la kamera utaliona. Karibu yake kuna sensa ya mvua, ile inayowasha waipa zenyewe. Halafu rudi ndani, angalia juu ya dashibodi mbele ya usukani kama kuna tundu la mstatili, na kama ukiwasha gari unaona namba za spidi zinaelea mbele yako kwenye kioo.

Mwisho piga picha maandishi yaliyo kwenye kona ya chini ya kioo. Kuna jina la kiwanda, herufi E ndani ya duara ikiwa na namba, na alama nyingine. Ongeza picha ya kadi ya gari, ionekane chesisi namba. Kwa chesisi namba muuzaji wa kweli anapata namba ya spea ya kioo chako. Anayekutajia bei bila kuiomba anakisia, na ukikosea kioo mwenye hasara ni wewe.

Hizo namba zinazoelea nizizungumzie zaidi kwa sababu zimeshaniliza. Mwaka 2021 mteja wa Nzega aliniletea BMW X5. Kioo alishanunua mwenyewe, laki nane, kipya, kizuri, cha China. Nikakiweka vizuri, gundi safi, hakuna hewa wala maji. Akaondoka jioni. Saa mbili usiku ananipigia: "Fundi, ile themanini ya spidi naiona mara mbili." Alisimamisha gari barabarani, macho yanamuuma.

Kioo cha mbele cha gari lolote ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa na plastiki katikati, ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki kama cha mlangoni. Sasa mwanga wa zile namba ukipiga kioo unarudi kutoka uso wa ndani na unarudi tena kutoka uso wa nje. Picha mbili. Kwenye gari lenye mfumo huo, kiwanda kinaweka plastiki ambayo upande mmoja ni nene kidogo kuliko mwingine, kama kabari, ili picha hizo zilaliane ziwe moja. Unene huo wa ziada huwezi kuuona kwa jicho, na kile kioo cha laki nane hakikuwa nao. Kukitoa kikiwa kizima ilishindikana, gundi ilikuwa imeshika, kikapasuka. Gharama ya kioo cha pili tuligawana, kwa kuwa na mimi ningeweza kuuliza na sikuuliza. Tangu siku ile sishiki kioo cha mtu kabla sijakaa kwenye kiti chake na kuwasha gari.

Kwa hiyo kila kitu kwenye orodha yako kina bei yake: nyaya, plastiki ya kuzuia kelele, plastiki ya kuzuia joto, kishikio cha kamera, hiyo kabari. Halafu kuna nani katengeneza. Kioo chenye nembo ya Land Rover bei yake iko mbali. Kuna vya viwanda vikubwa kama Pilkington, Saint-Gobain, AGC na Fuyao, ambavyo vinatengenezea pia viwanda vya magari, bila nembo ya gari. Kuna na vile ambavyo hata kona haina jina la kueleweka. Cha China siyo lazima kiwe kibaya, Fuyao ni ya China na mimi naiweka bila wasiwasi. Kibaya ni kile kinachokunja barabara: ukitazama mstari wa katikati unaona unacheza kama uko chini ya maji. Kabla hujalipa, kisimamishe, tazama ukuta wa matofali kupitia kwake huku unasogea polepole. Mistari ikivunjika, kiache.

Kwenye nyaya unaweza kumwokolea mzee hela. Kigoma hakuna barafu. Ukipata kioo kinacholingana kwa kila kitu ila hakina nyaya, bei inashuka, na hasara yake ni kwamba ile swichi haitafanya kazi. Lakini mwambie kabla. Gari ni lake, na siku akitaka kuuza mnunuzi anaweza kuuliza.

Kamera ni habari nyingine. Inatazama barabara kupitia kioo, inasoma mistari, na kwenye baadhi ya magari ndiyo inayosaidia breki kujishika zenyewe. Ikikaa pembeni kidogo tu pale juu, huko mbele mita hamsini inakuwa imekosea sana. Baada ya kioo kipya inatakiwa isetiwe kwa kompyuta, ama mbele ya ubao maalumu uliopimwa umbali wake, ama kwa kuendesha kwenye barabara yenye mistari inayoonekana huku kompyuta imechomekwa, kutegemea gari. Mimi kifaa hicho sina, na simdanganyi mtu kwamba nitaigusa tu ikae sawa. Hiyo hela uliyotajiwa Dar ina sababu.

Sasa gundi. Naomba hapa unisikilize kuliko kote. Mafundi wengi wa huku kwetu tumejifunzia kwenye Land Cruiser mkonga na malori ya zamani, kioo kinakaa ndani ya raba, unavuta kamba, kimeingia, umemaliza. Range Sport kioo chake kimegandishwa kwenye bodi, na ni sehemu ya bodi. Gari likipinduka kinasaidia paa lisibonyee. Eabagi ya abiria, ule mfuko wa hewa, ikifumuka inaegemea kioo ndipo imwendee mtu. Mzee wako anakaa upande huo huo wa abiria. Kioo kilichoshikwa na silikoni ya madirisha ya aluminiamu kitatoka chote kiende nje. Muulize fundi wa 750 anatumia gundi gani, akuoneshe tyubu. Iwe poliyurethani ya vioo vya magari, na utazame tarehe ya kuisha. Nimeona za miaka miwili nyuma zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Gundi ya zamani haikwanguliwi mpaka kwenye bati. Inaachwa tabaka ya milimita moja au mbili, mpya inashika juu yake. Kisu kikichubua rangi, pale panapakwa praima, vinginevyo kutu inaanzia hapo na mvua ya pili utaona zulia limelowa. Mimi Agosti, vumbi la hapa likiwa limechachamaa, namwaga maji sakafuni kwanza na kufunga geti. Kazi hiyo inachukua masaa matatu, manne, na gari halitoki mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu upite. Likikaa, dirisha moja liache wazi kidogo, maana ukibamiza mlango hewa inasukuma kioo kabla gundi haijashika. Ukiona bei ya kazi yangu iko juu ya jirani, ni hayo.

Na ile nyota ya mwanzo, siku nyingine ikitokea, ibandike selotepu hapo hapo uchafu usiingie, usiimwagie maji, uwahi fundi aidunge dawa. Ni kazi ndogo ya hela ndogo. Ufa ukishafika ukingoni hautibiki tena.

Mama Saidi, Kibirizi

Mwanangu, usisahau usafiri. Mume wangu ana Lexus LX 570. Kioo tulinunua Dar mwaka juzi, tukakipandisha lori, zaidi ya kilomita 1,200 kuja huku. Kilikuja kimefungwa maboksi na kamba tu, kimelazwa, juu yake wamepanga mabeseni. Kona imepasuka. Wenye lori wakanionesha risiti, nyuma imeandikwa mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Nililia siku ile, maana hela ilikuwa ya dagaa wa msimu mzima.

Cha pili tulikitengenezea kreti ya mbao, kikasimamishwa kwa ukingo, magodoro pande zote mbili. Nikamtuma mdogo wangu akipige picha kinapopakiwa na asimame mpaka gari liondoke. Kreti na usafiri vilinila 180,000. Weka hiyo kwenye hesabu ya mzee tangu mwanzo, isije ikaonekana umeizua baadaye.

Karani wa Bima

Naongeza mawili. Kama gari lina bima kubwa, soma kipengele cha vioo kwenye mkataba. Mara nyingi kuna kikomo cha kiasi, na kioo cha gari kama hilo kinaweza kukivuka; kinachozidi analipa mwenye gari. Toa taarifa na picha kabla ya kubadilisha. Ukibadilisha kwanza, utadai kwa shida.

La pili, waulize wote watatu kama bei yao ina VAT na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Asilimia 18 ndani ya 4,700,000 siyo hela ndogo, na bei isiyo na risiti itaonekana rahisi wakati huwezi kuidai popote.

Dereva wa Mwanga

Wakuu, shukrani. Mama Saidi, shikamoo, na pole kwa yaliyokukuta.

Nimekagua leo saa moja asubuhi. Nyaya zipo, nimeziona vizuri jua likipiga. Kamera ipo, sensa ya mvua ipo. Tundu kwenye dashibodi hakuna, na namba hazielei. Nikampigia yule wa Dar, nikamtumia chesisi namba. Kumbe ile 4,700,000 ilikuwa ya kioo chenye nembo, chenye nyaya na mfumo wa namba, alihesabia gari lenye kila kitu ili asipunjike. Kwa gari letu, kioo cha Pilkington bila nyaya ila chenye kishikio cha kamera na kizuia kelele, kasema 2,350,000 na risiti ya EFD. Wa Kariakoo nilipomuuliza kuhusu kishikio cha kamera alikata simu. Fundi wa hapa Mwanga aliniambia ukweli wake, anatumia silikoni.

Mzee nilimkalisha kwenye kiti cha dereva, nikamwonesha vinyaya. Alivitazama muda mrefu, akaniambia miaka minne analo gari na hakuwahi kuviona. Kasema kioo bila nyaya ni sawa, na ile ya gundi nisiipunguze hata shilingi.

Fundi, mzee ana safari ya Dar mwisho wa mwezi, kamera tutaiseti huko huko. Nataka kioo kishukie Tabora, tukifuate na gari kwako, tukipita Uvinza na Kaliua mchana tu, mwendo wa pole. Kreti nimeshamwelekeza muuzaji. Naomba unitumie jina la gundi unayotumia nimwoneshe mzee, na uniambie Jumanne ijayo una nafasi.

Fundi Vioo Tabora

Jumanne njoo, fika kabla ya saa tano nikiwahi jua kali. Utalala Tabora usiku mmoja, gari halitoki siku hiyo. Ufa ukirefuka njiani upande wako wa kuona, simama Urambo unipigie. Kioo kikifika kabla yenu, kreti siifungui mpaka uwepo.