Joto hili si la kaskazi peke yake

Kikundi: WANAWAKE WA UKOO (Tanga na popote tulipo)

Mama Fatuma: Asalaam aleikum wapendwa. Nina jambo linanisumbua, nimeona niliseme humu kwa kuwa sote ni wanawake.

Salma (Muscat): Waaleikum salaam. Sema dada, tupo.

Mama Fatuma: Nalala vizuri tu, ikifika saa nane usiku naamka kifua kinawaka. Joto linapanda shingoni mpaka usoni, jasho linanitoka mpaka shuka linalowa. Dakika chache baadaye nasikia baridi. Nimepima malaria, hakuna. Presha iko sawa. Sasa nimehamia sebuleni, natandika kanga juu ya saruji, ndiyo napata usingizi. Baba Fatuma kanuna, anadhani nimemsusa.

Wifi Amina: Pole wifi. Kaskazi ya mwaka huu imetushinda wote.

Mama Fatuma: Wifi, hata feni ikinipuliza mbele ya uso. Na ada ya mwezi nayo imevurugika. Miezi miwili haipo, ikija inatoka wiki nzima. Juzi nimemgombeza Fatuma kwa ajili ya kikombe, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Rehema: Pole sana mama mdogo 😢 Ngoja nimwite mkunga wetu. @Shangazi Zuhura

Shangazi Zuhura: Nipo, nilikuwa kwenye sala. Mdogo wangu, una miaka 49 sasa, si ndiyo?

Mama Fatuma: Shikamoo dada. Ndiyo, mwezi wa saba natimiza 50 inshaallah.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Basi tulia, huna homa. Unaelekea kukatika ada. Wengi wetu hutufika kati ya miaka 45 na 55, na wanaovuta sigara huwahi kidogo. Haikatiki siku moja kama taa, inayumba miaka kadhaa kwanza, na hapo ulipo ndipo penye dhoruba. Vifuko vya mayai vinapunguza homoni ya estrojeni, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Mwili ukipata joto kidogo tu, ubongo unadhani unaungua. Unafungua mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho ili upoe. Ndiyo maana unawaka, halafu unatetemeka.

Mama Fatuma: Alhamdulillah. Nilishaanza kudhani nimefanyiwa kitu.

Shangazi Zuhura: Hujafanyiwa na mtu. Na Baba Fatuma mwambie leo leo. Mwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia, na habari ya jasho na saruji. Mwanamume asiyeambiwa hujitungia lake.

Rehema: Bibi hawezi kuandika, ananiambia niandike. Anasema: "Tulipovunja ungo tuliwekwa ndani, kungwi akatufunda kila kitu, kitambaa, usafi, mume, jiko. Ada ilipokatika hakuna aliyetuita. Mimi nilidhani nakufa. Nilikuwa nakwenda kisimani alfajiri kujimwagia maji na sikumwambia mtu. Leo nyinyi mnasemezana, semezaneni."

Salma (Muscat): Mwenyezi Mungu akuweke bibi yetu.

Mama Fatuma: Nimelia tena. Sasa dada, nifanye nini? Dawa za hospitali naziogopa.

Shangazi Zuhura: Yapo mengi ya kufanya nyumbani. Anza na kitanda. Toa lile shuka la nailoni, tandika la pamba, vaa kanga iliyochakaa maana ndiyo laini na inanyonya jasho. Nyingine iwe karibu ya kubadilisha, na maji ya kunywa kichwani pa kitanda. Feni iwe upande wako.

Kisha jichunguze. Kila mtu ana kinachomwasha. Kuna anayewashwa na pilipili, kuna anayewashwa na chai ya moto, kuna anayewashwa na hasira. Nakujua wewe, kahawa chungu ya magharibi pale barazani hukosi. Iache kwanza, uone usiku unakuwaje. Hata ikiwa si kahawa inayoleta joto, inakunyima usingizi, na asiyelala ndiye anayegombana na vikombe.

Mama Fatuma: Kahawa jamani 😩 Haya, naacha.

Shangazi Zuhura: Na ukitoka nje jioni, usikae. Tembea. Panda mpaka Raskazone kwa mguu ukapate upepo wa bahari, nusu saa tu, mwendo wa kukutoa pumzi kidogo. Sikuambii kwamba kutembea kutaondoa joto, nitakuwa nakudanganya. Lakini kunaleta usingizi, kunatuliza moyo, na kunalinda mifupa. Hili la mifupa wengi hatulijui. Estrojeni ikishuka mifupa inaisha kwa kasi, hasa miaka ile ya mwanzo baada ya kukatika. Huoni chochote, husikii maumivu, mpaka siku unateleza uani mkono unavunjika.

Mama Fatuma: Ninywe maziwa?

Shangazi Zuhura: Maziwa, mtindi, na dagaa. Wewe uko Tanga, unakosaje dagaa? Wale wadogo unaowatafuna na mifupa yao, hiyo mifupa ndiyo yenye madini ya chokaa yenyewe. Usiwatoe vichwa ukatupa kila kitu. Waoshe, wakaange na kitunguu na ndimu, kula mara kwa mara. Mwanamke aliyepita 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu, yaani hayo madini ya chokaa, kwa siku, na ugali na mchicha peke yake havifikishi. Ufuta nao mzuri. Na mwanga wa jua nao unasaidia mifupa: sisi tunaojifunika tukitoka, tukiwa uani asubuhi tukunje mikono, tuache jua lituguse.

Salma (Muscat): Huku kwetu akina mama wanakunywa hulba, yaani uwatu, asubuhi na jioni. Wanasema unarudisha homoni. Mie nimeanza.

Shangazi Zuhura: Salma, wewe si unatumia metformini?

Salma (Muscat): Ndiyo shangazi.

Shangazi Zuhura: Basi angalia sana. Uwatu unashusha sukari, na dawa yako inashusha sukari. Ukizidisha utaanguka. Ule wa kuungia mchuzi hauna neno. Ule wa kunywa vikombe kwa vikombe mwambie daktari wako kwanza. Habasoda ni hivyo hivyo. Mtu anayetumia dawa ya presha, ya sukari au ya kuyeyusha damu asichanganye mitishamba kwa kusikia tu. Kitu cha asili kikiwa na nguvu ya kuponya, kina nguvu ya kudhuru pia.

Salma (Muscat): Sikulijua hilo. Kesho nampigia daktari.

Wifi Amina: Na soya je? Nimeona mtu anauza unga, anasema unamaliza joto lote.

Shangazi Zuhura: Soya chakula kizuri, pika uji unywe. Kuna wanaopata nafuu kidogo, kuna wasioona tofauti. Anayekuahidi kumaliza lote anataka hela yako.

Mama Fatuma: Dada nina swali jingine, naona haya kidogo.

Rehema: Bibi anasema uliza, yeye kazaa 9.

Mama Fatuma: Huko chini kumekuwa kukavu. Naumia. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kuhamia sebuleni, kwa kweli.

Wifi Amina: Wifi hilo dogo. Nunua shabu sokoni, loweka, jioshee. Na ujifukize ubani kwa chini. Utakuwa mwari.

Shangazi Zuhura: Amina mpenzi, hapo nakukataza, na nawakataza wote humu. Shabu kazi yake ni kukausha na kukaza. Ngozi ya ndani ya mwenzio imeshakuwa nyembamba kwa kukosa estrojeni, ukimpa shabu unampasua. Moshi wa ubani uishie kwenye nguo na nywele. Mimi nimewapokea wodini waliojiunguza kwa kujifukiza, na waliochubuka kwa shabu, wanakuja wameinamisha vichwa.

Maji matupu yanatosha kuoshea, na sabuni isiingie ndani. Duka la dawa kuna kilainishi cha maji, ulizeni bila haya. Wapo wanaotumia mafuta safi ya nazi, lakini kama mnatumia kondomu msiyaguse, mafuta yanapasua mpira. Na msiharakishe, mwili wa umri huu unataka muda zaidi. Ikiwa bado inauma, kuna krimu ya homoni ya kupaka ukeni ambayo daktari anaandika. Inasaidia sana.

Mama Fatuma: Allah akulipe kheri. Hakuna aliyewahi kuniambia haya.

Shangazi Zuhura: Na kama mkojo unakuponyoka ukicheka au kupiga chafya, bana misuli ile unayobania mkojo, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10. Si wakati wa kukojoa, fanya ukiwa umekaa unachambua mchele, hakuna atakayejua. Jambo jingine: uzazi wa mpango usiache bado. Maadamu ada inakuja na kupotea, mimba inaweza kuingia. Mpaka ikatike mwaka mzima kwa aliyepita 50, na miaka miwili kwa ambaye hajafika. Nimezalisha wenye miaka 46 waliodhani ni kukatika ada, kumbe mtoto.

Rehema: 😳

Wifi Amina: Shangazi, na mimi niseme langu. Ada yangu ilikatika kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Wiki iliyopita imerudi. Nimefurahi, nikasema ujana umerudi, labda ni ile dawa ya mizizi ninayokunywa. Nimeacha kusali kwa sababu yake.

Shangazi Zuhura: Amina. Inatoka mpaka sasa?

Wifi Amina: Kidogo kidogo. Rangi ya kahawia.

Shangazi Zuhura: Acha hiyo mizizi leo. Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila ada, hata tone, hata mara moja, haiitwi ada tena. Mara nyingi ni kitu kidogo, ukuta umekuwa mwembamba au kuna kinyama kimeota. Lakini mara nyingine ni saratani ya mji wa mimba, na ikionwa mapema inatibika. Hapa hakuna chai wala kanga wala dagaa. Utapigwa ultrasaundi, na wakiona haja watachukua nyama kidogo ya ndani ya kizazi wapime.

Wifi Amina: Shangazi umenitisha.

Shangazi Zuhura: Bora nikutishe leo. Usisubiri ikauke ndiyo uende, nenda nayo.

Rehema: Bibi anasema la sala umuulize ustaadhi, maana damu hii si ya hedhi, huenda umeacha sala bure. Lakini kwanza hospitali, Bombo.

Mama Fatuma: Wifi tunakwenda pamoja. Na mimi nitawaambia habari ya hii ada inayotoka wiki nzima.

Shangazi Zuhura: Sawa kabisa. Wakupime damu pia, usije ukawa umepungukiwa. Na siku ukiona pedi inajaa ndani ya saa moja, usisubiri miadi.

Wifi Amina: Nina kadi ya bima lakini sijui kama bado iko hai.

Shangazi Zuhura: Njoo nayo, tutaulizia hapo hapo dirishani. Mimi nitawakuta getini kesho asubuhi saa moja na nusu, tuwahi foleni. Amina, andika kwenye karatasi: mwezi ambao ada ilikatika, siku damu hii ilipoanza, na majina ya dawa zote unazokunywa. Na ile mizizi ije kwenye mfuko.

Wifi Amina: Naandika sasa hivi.

Mama Fatuma: Nitakupitia na bajaji saa moja kamili. Uwe tayari mlangoni.